Miaka saba kwenye dawati la msaada: nirudi chuo au nitafute cheti?

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 33, ni mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa saba niko dawati la msaada wa TEHAMA katika kampuni moja. Nilipoajiriwa niliamini ningekaa pale mwaka mmoja, miwili, halafu nipande. Sijapanda. Kazi ni ileile: mtu kasahau nenosiri, printa imegoma, laptopu haishiki mtandao, barua pepe hazifunguki. Napokea tiketi, yaani ombi la msaada, naifunga, inakuja nyingine. Ninaowahudumia wananipenda, na kila mwaka tathmini yangu inasema "anafanya vizuri". Inaishia hapo.

Miezi mitatu iliyopita ilitangazwa nafasi ya msimamizi wa seva, zile kompyuta kuu zinazohudumia ofisi nzima. Niliomba. Akapewa kijana kutoka nje, mdogo kwangu kwa miaka sita, mwenye vyeti viwili vya kimataifa. Nilisikia kwamba kwenye usaili alieleza jinsi alivyohamisha barua pepe za ofisi aliyotoka kwenda kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, bila mtu kupoteza hata ujumbe mmoja. Mimi waliponiuliza nimefanya nini, nilijibu kwamba nimehudumia watumiaji kwa miaka saba. Baadaye mkuu wangu aliniita, akaniambia kwa upole tu, "Ongeza elimu, nafasi zitakuja." Siku ile nililia, sitakuficha.

Shahada ya kwanza ya TEHAMA ninayo, na si kwamba sijajaribu kujiendeleza. Kozi ya Python, lugha ya kuandikia programu, nilifika somo la 11. Ya usalama wa mitandao niliiachia katikati. Ya uchambuzi wa data haikumaliza hata wiki. Watoto wakilala, na mimi nimekwisha. Ili nipate muda wa kusoma kazini nilijiandikia skripti ndogo, programu fupi tu, inayofungua akaunti za wafanyakazi wapya kutoka kwenye orodha tunayoletewa kila Jumatatu. Zamani ilinichukua asubuhi nzima, sasa ni dakika nne. Sijamwambia mtu, nisije nikaonekana sina kazi. Lakini hata muda huo unapita tu, kwa sababu sijui nisome nini. Leo nasikia usalama wa mitandao ndio wenye soko, kesho nasikia ni data, keshokutwa naambiwa akili unde itafanya kazi zote na sisi wa dawati ndio tutakaotangulia kuondoka.

Sasa nimepanga hivi: niache kazi, nichukue mkopo, nikasome shahada ya uzamili kwa miaka miwili, darasani, muda wote. Mume wangu hajakataa, ila ameniuliza swali moja ambalo sina jibu lake: "Ukimaliza utakuwa nani?"

Nisaidie, Mshauri. Masta, cheti, au nihamie fani nyingine kabisa? Au ndiyo nimeshachelewa?

Wako,
Niliyekwama kwenye tiketi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja: kwenye ile skripti ya Jumatatu. Umeitaja kama mtu anayeungama kosa. Umechukua kazi ya asubuhi nzima, ukaielewa hatua kwa hatua, ukaifanya imalizike kwa dakika nne. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa mifumo. Umekuwa ukiifanya kwa siri, na bila cheo, katika ofisi ileile iliyokwenda kumtafuta msimamizi nje.

Ndiyo maana nataka turudi kwenye usaili wako kabla hatujafika chuoni. Wewe unaamini kijana yule alikushinda kwa vyeti viwili. Vyeti vilimsaidia kuitwa, sikatai. Lakini umenieleza mwenyewe alichosema mbele ya jopo: nilikuta barua pepe ziko hapa, nikazipeleka kule, hakuna kilichopotea. Kina mwanzo, kina hatari, kina mwisho. Wewe ulipoulizwa ukataja miaka. Jopo halijui kufanya nini na miaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe una mali ya miaka saba ambayo hukuiandika popote.

Sasa, kuhusu kuacha kazi ukasome masta muda wote: nakusihi usifanye hivyo mwaka huu. Nasema hivi kwa sababu nimepita njia hiyo. Niliacha kazi, nikasoma miaka miwili, nikarudi na shahada ya uzamili nzuri kabisa, na nafasi niliyopewa ilikuwa kiti kilekile nilichokiacha. Sikujuta kusoma. Nilijuta kwamba sikumuuliza mtu yeyote, kabla ya kulipa ada, ni mlango gani hasa shahada ile ingenifungulia. Mume wako amekuuliza swali hilohilo kwa maneno machache kuliko yangu, na amekuuliza mapema.

Masta ina mahali pake. Kama unataka kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti, kuingia kwa kina kwenye hisabati ya akili unde, au kama mwajiri unayemlenga ana muundo wa vyeo unaosema wazi kwamba daraja fulani halipatikani bila shahada ya pili, basi ni njia halali na hakuna ya mkato. Na si lazima uache mshahara ndipo uipate. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani kilianza mwaka 2014 kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao, kwa ada iliyo ndogo sana kulinganisha na ya darasani, na wengi wanaoisoma wako kazini. Vyuo vingine vimefuata. Mlango huo hautafungwa ukiuacha kwanza. Ila kutoka dawati la msaada kwenda kusimamia seva, nafasi uliyoiomba, mara nyingi kinachotafutwa ni mtu aliyekwisha kuzigusa seva.

Kwa hiyo anza na mkuu wako. "Ongeza elimu" ni maneno mema, lakini hayana anwani. Omba dakika ishirini, uende na karatasi. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Uliniambia niongeze elimu, nami nimekubali. Nafasi ya usimamizi wa seva ikitangazwa tena, ungependa kuona nini kwangu ambacho hukukiona mara ile? Naomba unitajie vitu vitatu." Halafu nyamaza, uandike. Akitaja cheti, muulize kipi, na kama ofisi ina fungu la mafunzo. Kampuni nyingi zinalo, na wasioliomba hawalipati. Akitaja uzoefu, muombe saa chache kwa wiki ukae na timu ya seva, hata kama ni kwa kukagua nakala rudufu za data tu. Na kabla hujatoka mwoneshe skripti. Unaogopa ataona huna kazi. Mkuu mwenye akili ataona amekuwa na mtu wa seva dawatini kwake bila kujua. Asipoliona hilo hata baada ya kuoneshwa, nalo litakuwa jibu, na utajua kwamba mafunzo yako unayaandaa kwa ajili ya mwajiri mwingine.

Ila usiioneshe ilivyo. Kaa nayo kwanza jioni tatu, nne. Ikikuta wafanyakazi wawili wenye jina moja inafanya nini? Ikikuta mstari mtupu katikati ya orodha? Ukiiendesha mara mbili kwa bahati mbaya, inafungua akaunti mara mbili? Je, kuna nenosiri umeliandika ndani yake? Wengi wetu tulianza na kosa hilo, liondoe leo. Ifanye iandike kumbukumbu ya kila ilichokifanya, na saa. Ihifadhi kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, kila badiliko na sababu yake. Kisha andika ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida: tatizo lilikuwa nini, nilifanya nini, kimebadilika nini. Asubuhi nzima dhidi ya dakika nne, mara 52 kwa mwaka. Hesabu hiyo ndiyo utakayoingia nayo kwenye usaili ujao. Usiitoe nje ya ofisi bila ruhusa, maana imeandikwa kazini na inagusa majina ya watu. Ukitaka ya kuwaonesha wa nje, andika nyingine nyumbani kwa majina ya kubuni.

Sasa tuje kwenye cheti. Nitakuwa mkweli kwako: vyeti havifanani. Vingine unakaa mbele ya maswali ya kuchagua jibu, na mtu mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kufaulu bila kuwahi kuigusa seva. Vingine unapewa mashine na kuambiwa: fanya. RHCSA, cheti cha usimamizi wa seva cha kampuni ya Red Hat, ni ya aina hii ya pili, na kama ofisi unazozilenga zinatumia Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, ndiyo ningekuelekeza kwayo. Hakuna maswali ya kuchagua. Unaambiwa utengeneze watumiaji, ugawe diski, uwashe huduma, ufungue lango kwenye ukuta wa ulinzi, na kila ulichokifanya lazima kiendelee kuwepo baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotenganisha aliyesoma na aliyefanya. Chukua mfano wa diski. Unaiunganisha kwa amri moja, unaiona ipo, mafaili yanafunguka, unafurahi. Ukiwasha mashine upya, haipo, kwa sababu hukuiandika kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mashine huziunganisha inapowaka. Basi unaiandika, unakosea herufi moja kwenye mstari ule, na safari hii mashine yenyewe inagoma kuwaka kawaida, inakutupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi na maneno machache meupe. Mtu aliyelisoma tu kwenye kitabu hapo anaganda. Aliyewahi kuivunja mwenyewe usiku nyumbani anaingia, anarekebisha mstari, anawasha upya, anaendelea. Nataka uwe huyo wa pili, na unaweza kufika hapo bila chuo. Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya kutosha, VirtualBox ambayo ni ya bure, na mfumo wa Linux ambao nao ni wa bure. Kwa VirtualBox tengeneza mashine pepe mbili, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Moja iwe seva ya DNS, inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za namba, ya pili iwe mteja wake. Zikishaelewana, ivunje moja kwa makusudi, kisha uirudishe.

Kama ofisi yenu ni ya Windows na barua pepe ziko kwenye wingu la Microsoft, njia iliyo karibu nawe ni AZ-104, mtihani wa wasimamizi wa Azure, wingu hilohilo la Microsoft. Kama bado unababaika kwenye mitandao yenyewe, yaani ukiulizwa kwa nini kompyuta mbili zilizo chumba kimoja hazionani unaanza kubahatisha, basi CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, itakujengea msingi ambao hauchakai haraka. Chagua kimoja. Kipi? Tafuta matangazo kumi ya kazi ya ngazi moja juu yako, ngazi moja tu, usiruke. Pigia mstari kila kitu kinachodaiwa. Kinachojirudia kwenye saba au nane ndicho chako, na kilichotajwa mara moja kiache kabisa hata kama kinavutia. Halafu tafuta watu wawili walio kwenye kazi hiyo sasa hivi, uwaulize wiki yao iliyopita walishinda wakifanya nini. Utashangaa jinsi majibu yao yatakavyotofautiana na matangazo.

Jua pia kwamba vyeti hivi vina umri. CCNA, RHCSA na Security+, cheti cha misingi ya usalama, hudumu miaka 3. AZ-104 ni mwaka 1, ingawa kuihuisha ni bure kwa jaribio la mtandaoni. Na usivutwe na jina kubwa kabla ya wakati: CISSP, inayotajwa sana kwenye usalama, inadai miaka 5 ya kazi katika angalau maeneo mawili kati ya manane yake. Unaweza kufaulu mtihani na bado usipewe cheti kamili. Na kuna wanaouza maswali yaliyoibwa ya mitihani hii. Kaa nayo mbali. Wanaotoa vyeti huwafutia waliobainika, na hata usipobainika, siku ya kwanza seva ikianguka mikononi mwako kila mtu atajua.

Nije kwenye lile lililonigusa zaidi, kozi zako tatu ambazo hazikumalizika. Usizihesabu kama ushahidi kwamba hujiwezi. Zote tatu zilikuwa za fani tofauti, na hakuna hata moja iliyokuwa na kazi inayoisubiri mwisho wake. Mtu anayesoma akiwa amechoka hamalizi kitu ambacho hajui atakifanyia nini. Skripti ulimaliza, na uliiandika ukiwa umechoka vilevile, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja. Zifunge hizo kozi zote. Python utaikuta mbele, na somo la 11 halitakuwa limepotea.

Saa tano kwa wiki zinatosha, ukiwa na kitu kimoja. Usijipangie usiku baada ya watoto kulala, maana umeniambia saa hiyo umekwisha, nami nakuamini. Asubuhi dakika 45 kabla hujafungua tiketi ya kwanza, siku nne za wiki, na saa mbili za mfululizo Jumamosi ambapo mume wako anabaki na watoto. Mwombe rasmi, mpe tarehe ya mtihani, ajue saa hizo zina mwisho. Na unaposoma, usirudie video ileile mara ya pili. Funga, ujaribu kufanya kwa kichwa ulichokiona. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki kuliko wale waliorudia kusoma, ingawa waliorudia ndio waliojiona wanajua zaidi. Hata mimi sikulijua hili nilipokuwa chuoni, na lingeniokolea miezi.

Kuhusu akili unde, hofu yako ina msingi. Kubadilisha nenosiri ni kazi ambayo mifumo imekuwa ikiwaachia watumiaji wenyewe tangu zamani, na zitafuata nyingine. Hiyo ni sababu ya kuondoka dawatini, wala haikulazimishi uhame fani. Itumie ikuandikie skripti ukitaka, lakini hakikisha unaweza kusoma ilichoandika na kuona mahali itakapofuta akaunti ambayo haikupaswa kuguswa. Uwezo huo unaujenga kwenye mashine zako mbili za nyumbani.

Kuchelewa? Kwa miaka 33, una zaidi ya miaka ishirini ya kazi mbele yako. Sitalijadili zaidi ya hapo.

Jipe miezi tisa: mwezi mmoja wa kuuliza na kuchagua, sita ya kujifunza, miwili ya kufanya mtihani na kuandika upya wasifu wako wa kazi, ambao ndani yake sitaki kuuona mstari unaosema "kuhudumia watumiaji". Andika mambo manne uliyoyafanya, kila moja na hali ilivyokuwa kabla na baada. Miezi tisa ikipita na ofisi haijakupa hata zile saa chache kwenye timu ya seva, anza kuomba nje, ukiwa bado na mshahara wako. Ukifika kwenye seva, ukakaa mwaka mmoja au miwili, na bado moyo unataka masta, niandikie tena. Wakati huo utakuwa na swali la kwenda nalo chuoni.

Kwa sasa nasubiri jambo moja kutoka kwako. Ukishaonana na mkuu wako, niandikie vile vitu vitatu alivyovitaja, kwa maneno yake mwenyewe, tuchague mtihani pamoja.

Mshauri wako